Nchi yangu ikijitoa kwenye umoja, mimi niliye ugenini nitabaki na nini?

*Swali: "Huu ni mwaka wa sita nafanya kazi katika nchi ambayo si yangu. Niliingia bila viza wala kibali cha kazi kwa sababu nchi yetu na hii ziko kwenye umoja mmoja wa kisiasa na kiuchumi. Sasa huko nyumbani chama kinachotawala kinasema kitaitoa nchi kwenye umoja huo, kwa madai kwamba tunachanga kingi na kuvuna kidogo. Mwenzangu kazini anasema siku hiyo tutapakiwa kwenye mabasi turudishwe, na fedha ya kwetu itakuwa karatasi tupu. Kaka yangu, fundi samani anayeuza nchi za umoja, anasema hizo ni kelele za siasa na hakuna kitakachobadilika, maana 'wao wanatuhitaji sisi zaidi'. Akiba yangu yote iko benki ya nyumbani. Nani kati yao yuko sahihi, na nifanye nini mapema?"*

Ndugu yangu, umeuliza swali moja lakini ndani yake kuna matatu: ukaazi wako, biashara ya kaka yako na akiba yako. Nitayajibu yote. Kwa kifupi, mwenzako amekosea kuhusu kasi na kaka yako amekosea kuhusu uzito. Nchi zilizokwisha kupita njia hii zinaonyesha kwamba mambo hubadilika polepole kuliko watu wenye hofu wanavyodhani, na hubadilika kwa kina kuliko watu wenye matumaini wanavyodhani.

Tuanze na kasi, kwa sababu ndiyo inayokukosesha usingizi. Karibu kila mkataba wa umoja wa aina hii una kifungu cha kujitoa, na kifungu hicho kina saa yake. Katika Umoja wa Ulaya ni kifungu cha 50, kinachotoa miaka miwili ya mazungumzo. Waingereza walipiga kura ya maoni tarehe 23 Juni 2016, asilimia 51.9 wakataka kutoka. Barua rasmi ilipelekwa tarehe 29 Machi 2017. Nchi ikatoka tarehe 31 Januari 2020, na hata hapo sheria za umoja ziliendelea kutumika hadi mwisho wa Desemba 2020. Tangu kura hadi siku mfanyabiashara wa kawaida alipokutana na utaratibu mpya mpakani, ilipita miaka minne na nusu. Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki nao, katika kifungu cha 145, unataka theluthi mbili ya wabunge wote wenye haki ya kupiga kura waridhie, kisha Katibu Mkuu apewe taarifa ya maandishi ya miezi 12. Mali, Burkina Faso na Niger zilitangaza Januari 2024 kwamba zinatoka ECOWAS, yaani jumuiya ya kiuchumi ya nchi za Afrika Magharibi, papo hapo. Jumuiya hiyo ikazikumbusha kwamba mkataba unadai mwaka mzima, na kutoka kwao kukahesabiwa tangu tarehe 29 Januari 2025.

Kwa hiyo tamko la mwanasiasa jukwaani si siku ya kutoka, na siku ya kutoka si lazima iwe siku ya mabadiliko. Tafuta mkataba wa umoja wenu, usome kifungu cha kujitoa, halafu ujiulize jambo moja: muda ukiisha bila makubaliano, nini kinatokea? Hapo ndipo hatari ya kweli ilipo. Jumuiya ya kwanza ya Afrika Mashariki haikuwa na mwachano wa mezani. Mwaka 1977 ilivunjika, Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya, na mpaka huo haukufunguliwa hadi 1983. Mali za pamoja, yaani reli, ndege, bandari na posta, zilikuja kugawanywa rasmi mwaka 1984 baada ya kazi ndefu ya msuluhishi Victor Umbricht kutoka Uswisi. Wafanyakazi wa zamani wa jumuiya hiyo walikuwa bado wanadai mafao yao nchini Tanzania hadi miaka ya 2000. Kama kuna sura ya kuogopa, ni hiyo ya kuvunjika bila hati. Kujitoa kwa mazungumzo ni jambo jingine kabisa.

Kuna kosa ninalolisikia kila mara: watu huzungumzia "umoja" kana kwamba ni kitu kimoja, uko ndani au uko nje. Umoja hujengwa kwa ngazi. Ngazi ya chini ni eneo huru la biashara, ambapo wanachama hawatozani ushuru. Juu yake kuna umoja wa forodha, ambapo wote wanatoza ushuru mmoja kwa bidhaa za nje. Kisha soko la pamoja, ambapo watu, mitaji na huduma vinapita pia. Halafu umoja wa fedha, na mwisho maamuzi ya kisiasa yanayofanywa pamoja. Maumivu ya kutoka hutegemea ulikuwa ngazi gani na utatua ipi. Tanzania ilijitoa COMESA, soko la pamoja la mashariki na kusini mwa Afrika, mwaka 2000 na maisha hayakusimama, kwa sababu ilibaki SADC, jumuiya ya maendeleo ya kusini mwa Afrika, na ilikuwa imekwisha kusaini mkataba wa Jumuiya mpya ya Afrika Mashariki. Greenland ilitoka kwenye Jumuiya ya Ulaya mwaka 1985 ili isimamie yenyewe uvuvi wake, lakini ikabaki na uhusiano maalumu na jumuiya hiyo kupitia Denmark. Mtu akikuambia "nchi fulani ilitoka na haikufa", muulize ilitua wapi.

Sasa kaka yako. Yeye anasema wataendelea kununua samani zake kwa sababu wanatuhitaji. Pengine ni kweli kwamba wateja wanampenda. Lakini samani hazisafiri kwa mapenzi ya mteja, zinasafiri kwa nyaraka. Ndani ya umoja wa forodha, meza yake inavuka mpaka kama inavyotoka mtaa mmoja kwenda mwingine. Nje ya umoja, hata kama serikali zimekubaliana ushuru wa sifuri, ni lazima mtu athibitishe kwamba meza hiyo kweli imetengenezwa kwenu. Hizo ndizo kanuni za uasili wa bidhaa. Bila hizo, nchi yoyote ya tatu ingepitishia mali yake kwenu ikwepe ushuru. Basi kaka yako ataulizwa mbao zimetoka wapi, bawaba zimetoka wapi, kitambaa cha kiti kimetoka wapi, na ni sehemu gani ya thamani imeongezwa nyumbani. Asipokuwa na cheti cha uasili, analipa ushuru kama mgeni yeyote, na ile sifuri ya kwenye mkataba haimhusu.

Hilo liliwakuta wafanyabiashara wa Uingereza Januari 2021. Mkataba wao na Umoja wa Ulaya ulifuta ushuru na ukomo wa kiasi, na magazeti yakaandika kwamba biashara huru imeokolewa. Waliokuwa wakiagiza nguo kutoka China, kuziweka ghalani Uingereza, kisha kuziuza Ireland, wakagundua kwamba nguo hizo si za Kiingereza mbele ya sheria, hivyo zinalipiwa ushuru mara ya pili. Wavuvi wa kome na chaza walikuwa na kisa kichungu zaidi. Umoja wa Ulaya una sheria ya zamani inayozuia chaza hai waliovunwa kwenye maji ya daraja la pili, yaani yasiyo safi kabisa, wasiingizwe kutoka nchi zisizo wanachama kabla ya kusafishwa. Sheria hiyo haikutungwa kuwakomoa Waingereza. Wao wenyewe walikuwa ndani ilipokuwa ikitumika kwa wengine. Siku walipokuwa wa nje, ikawageukia, na soko likafungwa bila senti moja ya ushuru kuongezwa. Wachumi huita mambo haya vikwazo visivyo vya kiforodha, na kwa kawaida ndivyo vinavyouma kuliko ushuru wenyewe.

Kampuni kubwa huajiri mtu wa nyaraka, hufungua ghala upande wa pili, na gharama hiyo huigawa kwenye makontena elfu. Fundi anayepeleka meza kumi kwa mwezi analipa wakala wa forodha karibu kiasi kilekile kwa mzigo mdogo. Ndiyo maana athari haziwapati watu kwa usawa: mauzo ya jumla ya nchi yanaweza kuonekana kuwa sawa kwenye takwimu, huku wadogo wakiacha kimyakimya kuuza nje.

Na hoja ya "wanatuhitaji zaidi"? Pima ukubwa. Nchi moja ikitoka, kwake yeye soko la umoja ni sehemu kubwa ya mauzo yake, lakini kwa kila mwanachama aliyebaki, nchi hiyo ni mteja mmoja kati ya wengi. Tena waliobaki wana sababu ya kutokuwa wakarimu kupita kiasi, nayo si chuki. Asiyelipa ada wala kufuata masharti akipewa faida zote za mwanachama, nani atabaki mwanachama? Watu wanapenda kuiita hali hii talaka. Mimi siupendi mfano huo, kwa sababu waliotalikiana mmoja anaweza kuhama mji. Nchi haihami. Mali, Burkina Faso na Niger hazina pwani, na hata baada ya kutoka ECOWAS bidhaa zao nyingi zinapita bandari za majirani walio ndani ya ECOWAS. Haikushangaza basi kwamba jumuiya iliwaagiza wanachama wake waendelee kutambua pasi za wananchi wa nchi hizo tatu na kupokea bidhaa zao kwa masharti ya zamani hadi itakapoamuliwa vingine. Muda mfupi baadaye, nchi hizo tatu zenyewe ziliweka tozo ya asilimia 0.5 kwa bidhaa zinazoingia kutoka nchi za ECOWAS. Milango yote haifungwi, ila hakuna anayepita bure kama zamani.

Kuhusu madai kwamba mnachanga kingi na kuvuna kidogo, sipendi kuyakejeli, maana mara nyingine hesabu ya michango ni ya kweli. Tatizo ni kuhesabu upande mmoja. Kampeni ya Uingereza ilizungusha basi jekundu lililoandikwa kwamba nchi hupeleka pauni milioni 350 kila wiki Umoja wa Ulaya. Takwimu hiyo haikuhesabu punguzo ambalo Uingereza ilikuwa inakatiwa kabla ya kulipa, wala fedha zilizorudi kwa wakulima na watafiti wake, na mamlaka ya takwimu ya nchi hiyo ilisema waziwazi kwamba inapotosha. Kutoka nako kulikuwa na bili: serikali yenyewe ilikadiria kati ya pauni bilioni 35 na 39 kumaliza ahadi zilizokwisha kuwekwa. Kukopa harusi, kulipa matanga. Upande mwingine wa mizani ndio mzito zaidi. Taasisi huru inayotathmini bajeti ya Uingereza imekuwa ikikadiria kwamba, kwa muda mrefu, tija ya nchi itakuwa pungufu kwa asilimia 4 kuliko ingekuwa ndani ya umoja, na biashara yake na nje pungufu kwa asilimia 15. Hayo ni makadirio ya kulinganisha na hali ambayo haikutokea, kwa hiyo wapo wanaoyapinga. Lakini ona yalivyo: si kuanguka ghafla, ni kukua kidogo kuliko ambavyo ungekua, mwaka baada ya mwaka, na kwa hiyo hakuna siku mtu anaweza kunyoosha kidole akasema "leo ndipo tulipoumia".

Haki inataka niseme pia kinachopatikana. Nchi inayotoka inarudishiwa uwezo wa kupanga ushuru wake, kusaini mikataba yake, kuamua nani aingie, na kutunga viwango bila kusubiri kura za wengine. Kwa baadhi ya watu hilo lina thamani isiyopimwa kwa fedha, na mimi si mtu wa kuwaambia wamekosea. Nachosema tu ni kwamba uwezo wa kuamua una kodi yake: ukitunga viwango tofauti na vya jirani, unanunua mpaka. Ukifuata vilevile ili uuze kwake, unafuata sheria ambazo huna tena kiti cha kuzijadili. Uingereza ilichagua kuwa na mamlaka yake, na hata hivyo iliahirisha mara kadhaa ukaguzi wa vyakula vinavyotoka Ulaya, hadi ukaanza 2024, kwa hofu ya kupandisha bei na kukosa bidhaa madukani.

Tuje kwenye akiba. Hapa jibu linategemea kama nchi yenu ina sarafu yake au inatumia sarafu ya umoja.

Kama ina sarafu yake, kumbuka kwamba soko la fedha halisubiri siku ya kutoka. Usiku wa kuhesabu kura mwaka 2016, pauni ilishuka kutoka karibu dola 1.50 hadi chini ya 1.35, kiwango kilichokuwa hakijaonekana tangu 1985, ilhali nchi ilikuwa bado mwanachama kamili kwa miaka mingine mitatu na zaidi. Bidhaa za nje zikapanda bei, na mfumuko wa bei uliokuwa chini ya asilimia 1 ukafika asilimia 3.1 Novemba 2017. Hiyo si karatasi tupu. Ni sawa na kukatwa mshahara kidogo bila kupewa barua.

Kama mnatumia sarafu ya pamoja, hali ni ya hatari zaidi, lakini kutoka kwenye umoja na kutoka kwenye sarafu si lazima viende pamoja. Zile nchi tatu za Sahel zilitoka ECOWAS na bado zinatumia faranga ya CFA, kwa kuwa sarafu hiyo iko chini ya umoja mwingine ambao hazikuutoka. Mfano wa kutahadharisha ni Chekoslovakia. Ilipogawanyika tarehe 1 Januari 1993, Wacheki na Waslovakia walikubaliana kuendelea na koruna moja. Haikudumu zaidi ya wiki chache. Watu walihisi koruna ya Slovakia itashuka, wakahamishia fedha upande wa Czech, na tarehe 8 Februari sarafu zikatenganishwa, noti za zamani zikibandikwa stempu hadi mpya zitoke. Hofu peke yake inatosha: Ugiriki mwaka 2015 haikutoka kwenye yuro, lakini wasiwasi kwamba ingetoka ulifanya benki zifungwe na watu waruhusiwe kutoa yuro 60 tu kwa siku.

Sikushauri ukimbilie benki kesho kubadilisha kila shilingi au kila yuro uliyo nayo. Anayebadilisha siku ya hofu hubadilisha kwa bei ya hofu. Kanuni ninayoipenda ni kuweka fedha katika sarafu utakayoitumia. Kama unapanga kuishi hapo ulipo miaka kumi ijayo, kodi, ada na matibabu vyako viko kwa sarafu ya hapo, na kuwa na akiba yote nyumbani ni kamari hata bila habari ya kujitoa. Hamisha kwa awamu, miezi kadhaa, kiasi cha matumizi ya mwaka mmoja kwanza. Kama unajenga nyumbani na utarudi huko, acha sehemu ya ujenzi ilipo, maana saruji utailipia kwa fedha ya kwenu.

Nimeacha ukaazi mwisho, kwa sababu hapo ndipo una la kufanya zaidi. Haki ya kuishi ulipo leo haitokani na sheria ya nchi hiyo peke yake, inatokana na uanachama wa nchi yako. Uanachama ukiondoka, haki nayo inaondoka, isipokuwa mkataba wa kutoka au sheria mpya iilinde. Mara nyingi hulindwa. Raia wa Ulaya waliokuwa wakiishi Uingereza kabla ya mwisho wa 2020 walipewa nafasi ya kubaki, na zaidi ya watu milioni 5 walipata hadhi hiyo. Hakukuwa na mabasi. Lakini ilibidi kuomba, mwisho ukiwa tarehe 30 Juni 2021. Mwenye miaka mitano mfululizo alipata ukaazi wa kudumu, wa chini ya hapo akapata wa muda. Waingereza walioishi bara la Ulaya walikuta kila nchi ina njia yake: Ujerumani ilitambua haki yao moja kwa moja na kuwapa kadi ya kuithibitisha, Ufaransa ikawataka waombe upya. Mwingereza aliyehamia huko baada ya mwisho wa 2020 akawa mgeni wa kawaida, mwenye siku 90 katika kila 180 na haja ya kibali kama anataka kazi.

Walioumia zaidi walikuwa watu waliokaa miaka mingi wasiweze kuonyesha kwa maandishi kwamba walikaa. Wazee waliofika zamani, wake wa nyumbani ambao bili zote zilikuwa kwa jina la mume, vibarua waliolipwa mkononi. Miaka yako sita ni mali, ila tu kama ina karatasi. Kusanya mikataba ya kazi, hati za mshahara, risiti za kodi, mkataba wa nyumba, barua za hospitali, kumbukumbu za benki, kwa kila mwaka, bila pengo la miezi mingi. Weka nakala kwenye simu na nyingine kwa mtu unayemwamini. Kama umoja wenu una hati ya ukaazi wa kudumu kwa wanachama, iombe sasa hivi ungali mwanachama. Uraia wa nchi uliyopo ni kinga kubwa kuliko zote, lakini kwanza hakikisha nchi zote mbili zinaruhusu uraia pacha. Sitaki upate pasi moja kwa kupoteza nyingine bila kujua.

Makala kama hii haitoshi ukifikia hatua hizi. Muone mwanasheria wa uhamiaji ana kwa ana kama umewahi kukaa nje ya nchi hiyo kwa miezi mingi mfululizo, kama una kesi yoyote, kama mwenzi wako ana uraia tofauti, au kama watoto wamezaliwa hapo bila kuandikishwa ubalozini. Kaka yako naye aende kwa wakala wa forodha na orodha ya malighafi zake mkononi, aulize kama samani zake zitafuzu kuwa za kwenu. Jibu likiwa hapana, ana muda wa kubadilisha mahali anaponunua mbao kabla saa haijaanza kuhesabu. Na wewe, mwezi huu, nenda kwenye mfuko wa hifadhi ya jamii unaochangia huko ulipo, uombe taarifa ya michango yako yote kwa maandishi, yenye muhuri. Waulize kama miaka hiyo itahesabiwa nyumbani, na kwa makubaliano gani. Hilo ni swali ambalo wengi hulikumbuka wakiwa na miaka sitini.